Dirisha Jipya la Wifi Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Mwanamke, miaka 47, fundi cherehani, anafahamika kama Mama Pindo. Anaishi ghorofa ya chini, jengo la wapangaji nyuma ya posta.

Dirisha nimelivunja mimi. Naanza na hilo ili tusizungushane.

Leo, tarehe 14, asubuhi, mafundi wa mradi wa nishati safi wa serikali ya jimbo walifika kwetu. Walibadili madirisha, wakaziba nyufa na matundu ya hewa ili joto lisipotee. Baada ya hapo tungepewa majiko ya umeme, mkaa tuuage. Tulifurahi. Msimamizi wao akasema, "Leo msifungue madirisha, gundi haijakauka." Nikamuuliza, "Na majiko?" Akajibu, "Yako njiani."

Mchana ulifika, majiko hayakufika. Mvua ilikuwa inanyesha. Wifi yangu, mjane wa kaka yangu, chumba chake kimepakana na changu. Aliingiza jiko la mkaa ndani, akafunga mlango.

Wifi huimba na redio, tena vibaya, nami humtania. Leo redio ikawa inaimba peke yake. Nikagonga. "Wifi! Wewe, wifi!" Nikausukuma mlango. Ulikuwa umefungwa kwa komeo ndani. Nikachukua pasi yangu ya chuma, nikazunguka nje, nikapasua kioo, nikaingia. Alikuwa sakafuni kando ya jiko, amezimia kwa hewa ya mkaa. Nilimburuta hadi barazani. Alipokohoa nililia, kisha nikamgombeza.

Msimamizi alikuja mbio. Alilitazama dirisha kwanza. "Mama, umeharibu mali ya serikali."

Nikamwambia, "Na huyu aliyelala hapa ni mali ya nani?"

Ndipo akaja kunishtaki kwenu. Wifi yuko hospitali, daktari amesema atapona. Mradi siuchukii. Hilo jiko la umeme hata mimi nalitaka. Lakini afande, uniwie radhi kwa kusimama-simama. Vyumba vya juu vyote vimezibwa, mvua haijakata, na saa hizi watu wanabandika chakula cha jioni. Andika upesi, baba, au tukamalizie kule nyumbani.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda. Nimesomewa, nimeridhika.

Dole gumba la kushoto (mkono wa kulia una bendeji).

Maoni ya askari: Shahidi ameondoka bila kusubiri ruhusa. Nimemfuata na wenzangu. Vyumba vitatu vya juu tumekuta mkaa unawaka, milango imefungwa. Wote waliokuwamo wametolewa wakiwa hai. Bibi mmoja amepelekwa hospitali. Msimamizi ameitwa kituoni. Koplo wa zamu.