Jina Wasilolijua Wateja

Kasulu, 14 Septemba 2013

Shangazi Firdausi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mvua za kwanza zimenyesha, na watu wa Nyakitonto wamemaliza mbegu za maharage dukani kwa baba. Simu ni ya baba, ndiyo maana naandika.

Baba alinichagulia chuo kwa kuwasomea wateja orodha ya vyuo. Jina ambalo hakuna aliyelijua alilikata. Kikabaki kile kikubwa cha Dar. Nikajaza hicho hicho katika nafasi zote za fomu, huku nikijua alama zangu hazifiki.

Shangazi, sikuchaguliwa. Baba hajui. Jana kawatangazia wafanyabiashara wa Manyovu kwamba naondoka mwezi ujao, nami nikasimama pale nikitabasamu.

Awamu ya pili ya maombi inafungwa mwisho wa mwezi. Vyenye nafasi ni vile alivyovikata. Kimoja kinafundisha ualimu wa hesabu na kingenichukua, lakini bila baba siendi popote.

Wewe hakupingi. Mpigie, ukitaje kama chuo unachokifahamu miaka yote. Jina nimeliandika nyuma ya karatasi hii. Najua hata wewe hujawahi kulisikia. Lizoee kwanza mdomoni, ndipo umpigie.

Mwanao,
Safina