Maneno ya Bi Zuwena

Salma mjukuu wangu,

Hapa Al Khoudh sote wazima. Babu yako magoti tu, na mama yako kakuwekea halua anangoja mtu wa kuja huko.

Umeniuliza kwa nini nimetia saini ombi lenu kwa serikali, kwamba kesi ya madai isimalizwe kwa suluhu bila mkalimani aliyeapishwa. Nna siri, Salma.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, tumehamia huku Omani karibuni kutoka Unguja. Nimesoma Kiswahili na Kiarabu, basi jirani yetu Bi Zuwena akanichukua mahakamani nimfasirie. Ukuta wa nyumba ya pili ulimwangukia, ukamponda mkono wa kushonea kofia. Mwenye ukuta alikuwa rafiki wa baba.

Jaji akauliza kama anakubali suluhu.

"Mwambie sikubali," akasema Bi Zuwena. "Na aseme mbele ya watu kuwa aliambiwa ukuta umepasuka, na hakujali."

Yule mzee mwenye ukuta akanitazama. Nikaona haya kumtolea mtu mzima maneno yale. Nikasema kwa Kiarabu, "Amesamehe."

Ikaletwa karatasi ya suluhu. Nikamwambia Bi Zuwena ni ya kuandika madai yake, akatia dole gumba.

Njiani akaniuliza, "Wamekataa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Haya, mwanangu. Wewe umejitahidi."

Kofia hakushona tena. Kila Idi alinipa mkono ule mbovu niubusu, nami nikiubusu. Amekufa akiamini jaji aliyasikia maneno yake, akayakataa.

Bibi yako