Mlio wa Gari ya Baba

Kitengela,
14 Agosti 2002.

Mpendwa ndugu yangu Peterson,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Huko Lodwar jua limewaachia ngozi kweli? Na kifua chako je? Sisi tuko wazima kwa neema ya Mungu. Wuui, Peterson! Jumamosi nusura tumzike shemeji yako Wahome.

Unajua ile van ya Baba ililala gereji tangu Pasaka, injini imekufa na spea zake hazipatikani tena. Ngui fundi akapata injini ya toleo la baadaye, kubwa kidogo. Akatoa humo kranki, pistoni na silinda hedi, na bloku yetu, lile bonge la chuma la injini ya zamani, ikachongwa mpaka vikaingia. Nilimwambia Wahome hiyo ni ndoa ya kulazimishana. Kumbe gari ikanguruma kuliko zamani! Tukaipeleka Kajiado kumfurahisha Mama.

Tangu macho yake yaingie ukungu, Mama hutambua gari hiyo kwa mlio tu. Ikifika kwa kona, tayari ameshika lango, miaka hii yote tangu tumzike Baba. Jumamosi akasikia mlio mgeni. Na mwezi jana wezi walipakia ng'ombe za majirani kwa gari, mchana kweupe! Mama akafunga kufuli, akapiga nduru. Jirani yetu Katoo akatokea na vijana, kila mmoja na rungu. Ngai! Walimtoa Wahome kwa shati, rungu zikamshukia, akawa anataja majina ya ukoo mzima kama mtu anaomba kura. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Ndipo Katoo akanitambua, akawazuia.

Tulipomweleza Mama, hakucheka wala hakugomba. Alipapasa boneti, akamwambia Wahome awashe tena, akasikiliza. Kisha akasema, "Basi leo ndiyo baba yenu amekufa."

Sikujua alikuwa akimfungulia nani lango miaka hiyo yote! Tangu siku hiyo hataki kula, na lango hafungulii mtu.

Ngui anasema mlio wa zamani haurudi, bloku ishachongwa. Peterson, hujakanyaga nyumbani tangu mazishi, na sikulaumu. Lakini kila mtu husema wewe ndiye ulirithi sauti ya Baba. Njoo, tafadhali. Simama langoni, umwite Mama.

Wahome anakusalimu na bandeji yake. Msalimie Cate na watoto. Mungu awafunike njiani, mmkute Mama angali hai.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Gathoni