Masufuria ya Mjane

Tunduma, Ijumaa ya Julai, 2013.

Upepo wa leo umebeba vumbi lote la upande wa Zambia ukatuletea bila kulipia ushuru. Baridi nayo haina huruma. Nimejifungia ndani na chai yangu.

Mnaonisoma mnanijua. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini malori yamenifikisha Lusaka, Lubumbashi mpaka Durban. Mimi si mtu wa kushangazwa ovyo.

Leo nimeshangaa.

Mdogo wangu Eliza anaishi Ufaransa. Aliolewa na Pascal, mtaalamu wa miamba aliyekuja kutafuta dhahabu kule Saza. Mimi ndiye niliyewakutanisha, na harusini nilicheza kumshinda bwana harusi. Mwezi uliopita Pascal alifariki. Niliposikia wakwe wanakuja kwa mambo ya mirathi, nikampigia Eliza haraka, kama kaka anayeijua dunia.

"Ficha masufuria," nikamwambia. "Televisheni, mablanketi, funguo za gari, vyote peleka kwa jirani. Wakukute umekaa chini huna kitu."

Huku kwetu mwanamke hahitaji kufundishwa hilo. Matanga yakishavunjwa, ndugu wa mume wanagawana, na mjane anarudi kwao na watoto wake.

Eliza akatii. Leo amenipigia, analia huku anacheka.

Wakwe walifika na supu. Mama mkwe akafungua kabati atafute sufuria ya kuipashia, hamna. Kaka mkubwa wa Pascal akatazama sebule tupu, akauliza, "Eliza, mmeibiwa?"

Kesho yake wakaenda wote kwa mwanasheria wa mirathi. Akawaeleza taratibu kabisa. Nusu ya walichochuma wawili hao ndani ya ndoa ni ya Eliza tangu mwanzo, hata haiitwi urithi. Katika mali ya marehemu, kwa kuwa watoto wote wawili ni wa kwao pamoja, Eliza achague: aitumie yote mpaka mwisho wa maisha yake, watoto wakiwa ndio wenyewe baada yake, au achukue robo iwe yake moja kwa moja, na watoto wagawane iliyobaki sawasawa, wa kike na wa kiume. Nyumbani kwake hakuna wa kumtoa.

Na ndugu wa marehemu? Maadamu watoto wapo, hawapati kitu. Hata mama mzazi.

"Yule kaka mkubwa hakudai hata gari?" nikamuuliza.

"Kaka, yeye alikuwa chini ya sinki, anatengeneza bomba langu linalovuja."

Nimebaki nimeshika simu kama mtu aliyeonyeshwa bahari mara ya kwanza. Eliza anasema hata kule watu wanagombana mpaka mahakamani, si malaika. Lakini mjane analala kwake, na wote wanajua hivyo kabla hata msiba haujaingia.

Sasa sikilizeni sehemu inayonihusu mimi.

Jumapili nilikuwa Msangano, kwa mama Sifa, mjane wa mdogo wangu Jofrei. Kikao cha ukoo cha kugawa mali ni kesho, na mwenyekiti ni mimi. Nilimkuta anachemsha chai kwenye kopo la maziwa, nikamtania, "Shemeji, siku hizi umekuwa jeshini?"

Akatabasamu kidogo, akatazama chini. Nikadhani ni majonzi tu.

Kumbe masufuria yako kwa jirani.

Ameyaficha nisiyaone mimi. Mimi, mtu wa watu, ninayelipia soda kwenye harusi nisizoalikwa. Kumbe mkwe wa kuogopwa ninaye kwenye kioo changu, na ana masharubu mazuri.

Kesho nitafungua kikao mwenyewe. Nyumba, shamba la mpunga na ng'ombe vinabaki kwa mama Sifa na wanawe, na mwenye neno aanze na mimi. Baba mdogo atasema nimelishwa maneno ya Ufaransa. Aseme.

Halafu nitamwomba shemeji anipikie ugali. Sitamuuliza kama ameniamini. Nitaangalia tu ameupikia kwenye nini.