Ukurasa wa Mwisho wa Daftari la Kandida

Maisaka, Babati
9 Septemba 1984

Mpendwa Kaka Damasi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, pamoja na wifi na watoto, huko Morogoro. Sisi huku tunaendelea. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anatembea mpaka Singe kutazama shamba, nasi tukimkataza anatutukana. Mahindi yalikauka yakiwa na mbelewele. Maharage tumepata madebe mawili tu. Sukari tumeisahau tangu Pasaka, kwa hiyo chai ninayouza bandani kwangu naikoroga kwa asali ya Bonga. Viberiti navyo hakuna, tunaombana makaa ya moto nyumba kwa nyumba. Karatasi hizi nimezipata kwa Mwalimu Paskasi baada ya kumbembeleza wiki nzima, maana sikutaka kukuandikia kwenye kitu kingine chochote.

Barua yako nimeipata. Umeuliza habari za mvua, za yule ndama mwekundu, za maandishi yaliyo nyuma ya barua yangu ya Kwaresima, na kama Mama analala. Lakini najua swali ulilolikusudia ni moja. Unataka kujua nani alimuua mdogo wetu Kandida. Umesema una likizo Desemba, nikutajie jina tu, mengine nikuachie wewe. Jina nitakutajia. Nakuomba usome mpaka mwisho bila kuruka mstari, kwani nakufahamu, wewe hata misa ulikuwa ukitoka kabla ya baraka.

Mwezi wa Mei Kandida alishikwa na homa. Alikuwa akikaa kwangu, anajifunza kushona, unajua. Zahanati hakukuwa na klorokwini, hakukuwa na chochote, mhudumu alikuwa amekaa mlangoni anakuna mikono. Nikamwambia Kandida twende kwa Konstantini. Huyu Konstantini humjui, alikuja baada yako kuondoka. Zamani alikuwa akifunga vidonda kwenye zahanati moja, akaacha, akafungua kiduka cha dawa hapa Maisaka. Mtu wa maringo, shati lake limepigwa pasi hata siku ambayo sisi wengine hatuna sabuni. Kandida aliniambia njiani kwamba kuna dawa Daktari Damiani wa hospitali ya misheni alimkataza mwezi wa Desemba, jina lake halikumbuki, lakini limeandikwa kwenye daftari lake la hospitali. Nikamjibu basi usihangaike, Konstantini ataliona. Akatupa vidonge vyeupe vikubwa vya salfa, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti.

Siku ya pili macho yake yalikuwa mekundu. Siku ya tatu midomo ikavimba na kupasuka, akashindwa kumeza hata uji. Siku ya nne, Kaka, nilimshika mkono kumgeuza na ngozi ikabaki kiganjani kwangu kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Alilia bila sauti. Nikakimbia kutafuta mkokoteni wa ng'ombe tumpeleke hospitali ya misheni, kwa sababu gari lenye petroli halikuwepo. Hakuna aliyetoa. Konstantini alikuwa ameshapita kila mlango akisema ule si ugonjwa wa dawa, ule ni uchafu wa kuambukiza, nyumba ile iachwe. Na hawa watu wetu unawajua. Walitutenga kama wazee walivyokuwa wakitenga nyumba yenye mkosi. Hakuna aliyekuja kuomba kaa la moto, na niliyemwomba mimi aliliweka chini njiani niliokote mwenyewe. Tulimbeba kwa machela mpaka misheni, mimi, mume wangu na watu wawili wa Kanda ya kanisa, daftari likabaki nyumbani. Alifariki siku ya tisa, tarehe uliyoisoma kwenye simu ya maandishi.

Daktari Damiani alikuja kwenye mazishi. Alinieleza kwa upole, nami nikamwambia aseme yote, asinifiche. Alisema mwili una askari wake. Dawa ile chembe zake ni ndogo mno, askari hawana habari nazo, lakini kwa baadhi ya watu zinanata kwenye ngozi, na ngozi yenyewe ikaonekana ngeni. Mara ya kwanza askari wanajifunza tu sura ile, ndiyo maana Desemba Kandida alitoka madoa machache mikononi, dawa ikasimamishwa, yakaisha. Lakini hawasahau. Dawa ikirudi, hawasubiri kuuliza, wanaishambulia ngozi ya mwenye mwili wakidhani wanampiga adui. Akasema ndiyo sababu aliandika kwa wino mwekundu, ukurasa wa mwisho, ili kila atakayelipindua daftari aone kwamba huyu asipewe salfa tena maisha yake yote. Akaniuliza mtoa dawa hakuona?

Kaka, tangu neno hilo sikulala kama mtu. Kwa hiyo iliandikwa, na kwa wino mwekundu! Nilikumbuka jinsi Konstantini alivyolichukua daftari, akapitisha macho, akalirudisha. Nikasema huyu ameona akapuuza, kisha akatutangaza uchafu ili afiche. Nilitaka kulifungua daftari siku ile ile, lakini Mama alikuwa amefungia vitu vya marehemu sandukuni, visiguswe mpaka matanga yaanuliwe. Nikasubiri. Chuki haikusubiri, nikawanong'oneza wateja wangu kwamba iliandikwa naye akapuuza.

Konstantini ana doa jeusi kwenye mdomo wa chini, la mviringo. Alizoea kusema aliungua na kiko. Siku moja nilimuuliza Daktari Damiani kuhusu doa la namna ile bila kutaja mtu. Akanieleza kuwa wapo ambao dawa ikiwachukia huwatokea mahali pamoja tu, na kila wakiinywa hurudi pale pale, kwani wataalamu wanadhani baadhi ya askari hubaki wamelala hapo hapo kwenye ngozi. Mara nyingi ni salfa, akasema. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu barabarani. Hivyo vidonge vilivyobaki vya Kandida nilikuwa navyo, nimevifunga kwenye pindo la kanga.

Watu waliporudi bandani kwangu baada ya mazishi, naye alikuwa akipita kila asubuhi, hana hata aibu. Mwanzoni mwa Agosti nilisaga vidonge viwili, nikavikoroga kwenye kikombe chake kwa tangawizi na asali nyingi. Alinisifu kwamba siku hizi chai yangu imekolea. Nikamwongeza. Kesho yake mdomo ulikuwa umefura, doa limewaka na kutoa lengelenge, na madoa mengine mawili yamefuata shingoni. Kaka, nilifurahi. Siwezi kukudanganya wewe. Nilipika siku ile nikiimba nyimbo za Krismasi.

Alikwenda kwa Daktari Damiani na akaambiwa ni nini kilichomchoma. Akajua. Hakunishtaki kwa balozi wa nyumba kumi. Alikuja bandani, watu wamejaa, akasema kwa shida kwa ule mdomo kwamba amechoka kusemwa. Kama kuna mahali palipoandikwa, nilete daftari apaone. Ndivyo nilivyotaka! Matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Nilikwenda nyumbani mbio, nikalitoa daftari sandukuni, nikarudi nalo nimeliinua juu ili kila mtu alione. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Haukuwepo. Ulikuwa umechanwa, umebaki ukingo mwembamba karibu na pini.

Nikasema kwa sauti kubwa kwamba tazameni, ameuchana yeye siku ile ile ili afiche aliyoyafanya. Alijaribu kukana, lakini mdomo ule haukumruhusu, akawa anababaika na watu wakaona ni hatia. Wakaimwaga chai yake chini. Toka siku hiyo hakuna aliyekanyaga duka lake. Walimtenga kama alivyotutenga sisi, mpaka kaa la moto mkewe akalikosa. Wiki ya pili alifunga duka, akahamia kwa shemeji zake huko Bonga. Walipopita na mkokoteni wao nilisimama mlangoni nikawatazama mpaka wakapotea.

Ningeweza kuishia hapa, Kaka, na wewe Desemba ungeshuka Babati ukauliza njia ya Bonga. Ndiyo maana naendelea.

Nilipokuwa nimeshika lile daftari mbele ya watu, niliutambua ule ukingo. Mkono wangu ninaujua. Mimi huchana karatasi kuanzia chini kwenda juu, Mama alikuwa akinigombeza kwa hilo tangu nikiwa shule. Kwaresima ile hakukuwa na karatasi Babati nzima, nami nilitaka kukuandikia habari za ndama. Daftari la Kandida lilikuwa juu ya kabati. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maandishi mekundu upande mmoja, Kiingereza cha kuchorachora cha hospitali ambacho sikisomi, na upande wa pili ulikuwa safi. Nikawaza ugonjwa wenyewe umekwisha tangu Desemba, maandishi yake yana kazi gani tena? Nikauchana. Kandida alikuwa ameketi hapo hapo anashona, akanitania kwamba nitamaliza hospitali yote. Tukacheka wote wawili.

Umesema hata karani wenu kazini ameshindwa kuusoma mwandiko ulio nyuma ya barua ile. Mpelekee mganga yeyote wa hospitali, atausoma. Konstantini alilipindua daftari kama inavyotakiwa, hakukuta kitu. Kututangaza uchafu ni kosa lake, wala silifuti, na nikikutana naye kwa hilo tutaambiana. Lakini kidonge alikitoa kwa sababu yangu, na mdomo wake ameharibiwa na mimi, na duka lake limefungwa kwa uongo wangu. Nilijua hayo nikiwa nimesimama pale bandani, kabla sijafungua kinywa, na bado nikakifungua. Mama sijamwambia. Jumapili ijayo nitakwenda Bonga, nimwambie yeye kwanza, kisha nirudi niseme mbele ya wale wale waliomwaga chai.

Ile barua ya Kwaresima usiichome. Njoo nayo Desemba, kwa sababu itahitajika, na hasira yako njoo nayo pia kama bado unayo. Mimi sitahama nyumba.

Mama anakusalimu sana, anasema umletee dawa ya kuchua goti. Mume wangu na watoto wanakusalimu. Msalimie wifi, na mbusu Antonia mdogo mashavu yote mawili. Mungu awalinde huko mliko.

Uliomba jina. Nimeliandika hapa chini kwa mkono wangu.

Dada yako,
Hilaria