Wanaorudi na Wanaorudia

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini goti lako limepoa na shemeji hajambo. Sisi huku ni wazima wa mwili. Hayo mengine yasome ukiwa umekaa.

Binti yako uliyenikabidhi nikae naye hayumo darasani. Nilikuacha uamini yumo kwa kuwa nilidhani nitalirekebisha kabla hujasikia. Nimeshindwa. Jina lake limefutwa chuoni.

Unakumbuka aliruhusiwa kukaa nyumbani hadi mapafu yapone. Mwanafunzi wa namna hiyo hutakiwa kuthibitisha kwenye tovuti ya chuo kwamba anarudi. Asipothibitisha, nafasi hupewa mwingine. Akaifungua, akakuta milango mitatu: Wapya, Wanaoendelea, Wanaorudia. Aliingia wa pili, hakuona linalomhusu, akatulia. Wa tatu hakuugusa. Kurudia ni kwa waliofeli, na mwanao, unayajua majivuno yake, hajafeli hata jaribio la kushtukiza. Kumbe maelezo ya wanaorudi yalikuwa humo humo, chini ya yale ya waliofeli.

Nimemwendea msajili hadi walinzi wananiita Mzee wa Benchi. Jana aliniambia kwamba tangazo lilikuwepo, na asiyefungua mlango asiilaumu nyumba. Nikamweleza kuwa ukurasa ni kama duka: chumvi huwekwa pale mnunuzi atakapoitafuta. Akacheka, akasema hayo ningeyafikiria mapema. Nikainuka, nikatoka.

Maana ukurasa ule, mdogo wangu, niliuandika mimi. Waliniita, mstaafu mwenye Kiswahili safi, niwapangie tovuti ieleweke. Nikaona milango minne itawachanganya watoto. Wanaorudi na wanaorudia wanapishana herufi moja tu, nikawatia chumba kimoja. Hata binti aliponiuliza mezani kama aufungue ule wa tatu, nilimjibu bila kuinua kichwa kwamba mwanafunzi asome panapomhusu tu. Akanitii.

Hajui nani aliyeuandika. Anashinda chumbani, mkoba wa shule ukiwa umefungwa, akisema aliyeupanga ukurasa ule hana mtoto wa kusomesha. Nami namwitikia, kweli mwanangu.

Njoo, tafadhali. Kwa msajili sina tena neno, na kwa mwanao sina uso wa kusema peke yangu.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na shemeji umsomee barua hii taratibu.

Ni mimi, kaka yako.