Sikunywa Chai Mpaka Sosthenes Alipobonyeza

Mshauri Eliakunda, pokea salamu kutoka Maisaka. Siandiki kuomba huruma, huruma nimezeeka bila kuiomba. Nataka uniamulie, na ukishaniamulia uchapishe gazetini, nikikate hicho kipande nimwekee mjukuu wangu Vailet mezani asome mwenyewe, maana maneno yangu hayamwingii tena. Jina langu liandike, mimi ni Mama Romanus na sina cha kuficha. Shule niliishia darasa la nne, lakini kusoma nasoma, na hakuna mnunuzi wa maharage katika soko la Babati aliyewahi kunidanganya kwenye mizani.

Vailet ni binti wa mwanangu Romanus. Nimemlea mimi, amesomea kompyuta Arusha, amerudi anakaa kwangu. Yeye na wenzake wanatengeneza programu inayowakumbusha wafugaji siku ya chanjo. Daktari wa mifugo akipanga siku yake kule Sigino, kila mfugaji anapata ujumbe kwenye simu, kwa jina lake, kwamba leta ng'ombe siku fulani mahali fulani. Programu yenyewe haina tajiri. Wanaiita programu huria, maana yake imewekwa wazi, mtu yeyote anaweza kuifungua akaona ilivyoundwa, na akiona tundu anatengeneza kiraka anakileta. Hapo ndipo wanaponichefua, kwa sababu kiraka ukishakileta hakiwekwi, kinakaa nje kama mgeni ambaye hajakaribishwa ndani, mpaka mmoja wa wale wawili wenye ruhusa akipekue mstari kwa mstari, na mwenzake naye aridhike. Hao wawili ni Herieli, mwanamume wa Same ambaye sijawahi kumwona kwa macho, na Sosthenes wa jirani yangu, ambaye nilimwona kabla mama yake hajamwona kwa sababu mimi ndiye niliyempokea alipozaliwa.

Sasa Vailet aliona tundu. Wafugaji wanabadilisha laini za simu, na ujumbe unaendelea kwenda kwenye namba iliyotupwa zamani. Akatengeneza kiraka, mtoto wa watu macho mekundu, chakula kinapoa, akakipeleka. Herieli akajibu kwamba kiraka ni kikubwa mno, akikate vipande. Akakata. Akajibu kwamba hajaonyesha jinsi alivyokijaribu. Akaonyesha. Akajibu kwamba maelezo ya sehemu fulani hayaeleweki, ayaandike upya, akayaandika upya, na katika majibu yote hayo huyo mtu hakuweka salamu, hakuweka pole na kazi, utadhani anaongea na ukuta. Halafu akauliza swali ambalo Vailet alinisomea: "Watu wanaochangia simu moja itakuwaje?"

Mshauri, damu ilinipanda. Anatuonaje? Watu wa Babati ni wa kuchangia simu? Nilimwambia Vailet asijibu, hiyo ni dharau ya mtu aliyekaa mbali. Vailet akacheka, akasema ni swali tu bibi, tena ni swali zuri, ngoja nilitafutie jibu.

Kabla hajalipata, wakafunga. Hilo la kufunga nalo nilieleze. Hiyo programu hawaitoi kila siku, wanaitoa kwa majira, toleo baada ya toleo, na toleo likikaribia wanafunga mlango, hakuna kipya kinachoingia, wanarekebisha yaliyoharibika tu, na kiraka kilichochelewa kinangoja toleo lijalo, nalo lijalo walisema ni baada ya mavuno. Hebu niambie wewe uliyesoma, ugonjwa wa ng'ombe nao unangoja mavuno? Vailet alikubali kungoja. Alisema ndivyo kazi inavyokwenda. Mimi sikuona kazi pale, niliona mtoto wangu anasumbuliwa na watu wenye wivu, akisukumwa mlangoni ilhali ninaye mtu wangu ndani mwenye ufunguo.

Jumapili baada ya misa nikaenda kwa Mama Sosthenes. Nikamkuta na mwanawe, kompyuta iko mezani kama kawaida yake, wakanikaribisha vizuri, akanimiminia chai ya maziwa na kunikatia mkate. Nikakisogeza kikombe mbele. Nikasema chai ya nyumba hii sitaigusa mpaka kiraka cha Vailet kiingie. Unajua, mshauri, kwetu mzee kukataa kikombe chako si jambo dogo. Mama Sosthenes alibadilika rangi. Sosthenes akaanza kunieleza kwa upole, akaniita bibi bibi, akasema wameshafunga, toleo linatoka wiki hiyo hiyo, na swali la Herieli halijajibiwa. Nikamwambia, "Mimi nilikufunga kitovu bila kumwuliza mtu wa Same."

Chai ikafanya utando. Mama yake akamshika mkono, akamwambia mwanangu, niondolee aibu hii. Yule kijana akaivuta kompyuta, akabonyeza. Nikasikia kile kitufe. Ndipo nikanywa, nikaomba na kikombe cha pili, tukaongea habari za kwaya, nikarudi nyumbani na amani yangu. Vailet sikumwambia.

Toleo likatoka. Siku ya chanjo ikafika Sigino, na watu hawakuja. Walikuja wachache, daktari alifungua chupa ya chanjo, na hiyo ikishafunguliwa haiwekwi, iliyobaki akaimwaga. Wanasema kiraka kile kilichukua namba ya simu kana kwamba ndiyo mtu mwenyewe, namba moja mfugaji mmoja. Mdogo wangu Anjela anakaa kule Sigino, ujumbe wake hupitia kwenye simu ya mzee Theodory, na majirani zao wengine ni hivyo hivyo, Theodory akisoma jina la mtu anampelekea habari. Safari hii wote wakahesabiwa kuwa Theodory. Ukaja ujumbe mmoja wenye jina lake, akapeleka ng'ombe wake, basi. Na usije ukaniambia kwamba huko ndiko kuchangia simu. Ule ni msaada wa majirani.

Baada ya hapo ukaingia ugonjwa wa chambavu, ule unaoua ng'ombe wachanga. Ndama wawili wa Anjela wamekufa, mmoja alikuwa jike alilolitegemea. Analia, na mimi nalia naye, lakini nimeua mimi?

Herieli alikiondoa kile kiraka mara moja, wakatoa toleo jingine la dharura. Sasa Jumamosi wanakutana hapa mjini, hata huyo Herieli anapanda basi kuja, waamue kama Sosthenes ataendelea kuwa na ruhusa au wamnyang'anye. Sosthenes amewaandikia wote kwamba alikosea, alipitisha bila kupekua wakati mlango umefungwa. Hakuandika kwa nini. Mama yake tukikutana njiani ananiamkia na kupita.

Vailet alipojua habari ya kikombe, nami sijui aliisikia kwa nani, hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemjibu. Alisema, "Bibi, ukinyamaza mpaka Jumamosi, nitasema mimi." Mjukuu niliyemlisha anisimamishe mbele ya watu wa Same! Tangu lini mtoto akamwanika bibi yake? Nilifanya nililofanya kwa ajili yake. Kosa ni la kiraka, au la hao waliokitazama miezi wasione tundu lake, au la Sosthenes, ambaye ni mtu mzima, ana ndevu, angeweza kukataa. Mwambie Vailet hivyo, na mwambie mzee hasemwi mkutanoni. Na hao wenzake waambie waache hayo mambo ya kupekuana kama polisi.

Ni mimi,
Mama Romanus, Maisaka, Babati

JIBU LA MSHAURI

Shikamoo, Mama Romanus. Salamu hiyo nimeitoa kwa moyo wote na siirudishi, ila ukishaipokea jikaze, maana umekuja kutafuta hukumu na utaondoka nayo.

Pole kwa ndama wa mdogo wako. Pole pia kwa kumwona mjukuu akihangaika, kwa sababu wewe uliona macho mekundu na chakula kinachopoa, hukuona kingine, na bibi yeyote angekasirika. Herieli naye akisoma hapa ajue kwamba salamu haijawahi kuchelewesha toleo lolote. Kazi ya mtu ikirudishwa mara tatu bila hata "pole", nyumbani kwake patakuwa na mtu wa kukasirika kwa niaba yake. Hapo mwisho wa kukuunga mkono.

Unauliza kama umeua wewe. Ndama wameuawa na chambavu. Lakini lile swali ulilolipokea kama tusi ndilo lililokuwa limesimama kati ya ugonjwa na zizi la mdogo wako. Herieli yuko Same, hamjui Theodory, hajui nani Sigino ana simu na nani hana, ndiyo maana akauliza. Wewe ulijua. Katika nyumba ile, mtu aliyekuwa na jibu kamili ni wewe, na ukamwambia mtoto asijibu. Uite msaada wa majirani ukipenda, programu haikuelewa ujirani wenu kwa sababu hakuna aliyeieleza. Kupekuana huko unakokufananisha na polisi kazi yake ni hiyo: macho ya pili yatazame pale ambapo macho ya kwanza yamechoka. Unasema hawakuliona tundu. Waliliona, mama. Waliuliza juu yake, na walikuwa wanangoja jibu.

Na kufunga mlango je? Wewe ni mtu wa kanisa. Askofu akija kutoa kipaimara, asubuhi ile akatokea mwanakwaya na wimbo mpya mzuri mno, mnauimba? Mnamwambia asubiri, si kwa sababu wimbo ni mbaya, ila hakuna aliyeufanyia mazoezi, na ukiharibika utaharibikia mbele ya watu wote. Toleo likitoka linaingia kwenye simu za wafugaji wote kwa pamoja. Kungoja mpaka mavuno kunaudhi, sikatai. Lakini kabla ya kiraka kuingia, aliyekuwa anakosa ujumbe ni mwenye laini mpya. Kilipoingia, walikosa wote wasio na simu, ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Sasa tuje kwenye kikombe. Mzee akikataa kikombe, nyumba inatetemeka, na hiyo nguvu mmeachiwa kwa mambo mazito: mtoto anayemwinulia mama yake mkono, ndugu waliogombania shamba hawasemezani. Wewe umeitumia kumfanya kijana athibitishe kitu ambacho hajakikagua. Ile ruhusa si mbuzi wake kwamba atamchinjia bibi akija kutembea. Amekabidhiwa na wenzake kwa niaba ya watu wa Sigino. Unasema ana ndevu, angekataa. Alikataa. Umeandika mwenyewe kwamba alikueleza kwa upole, akakupa sababu, nawe ukamjibu kwa kitovu chake, halafu ukamwacha mama yake amalizie. Angekataa mara ya pili, leo ungekuwa umeniandikia barua kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu.

Kosa lake analo: angeweza kukuacha ukae na chai ipoe mpaka jioni. Amelikiri. Lako amelibeba pia, kimya, kwa heshima ile ile uliyoitumia kumkaba.

Vailet hakuaniki. Anayetaka kukuanika hakwambii kwanza. Amekupa nafasi ufike kabla yake, na hiyo ndiyo adabu uliyomfundisha, usiikatae kwa kuwa leo imegeukia upande wako. Hicho kipande cha gazeti ulichotaka kumwekea mezani, mpe kama ulivyoahidi, asome chote.

Kabla ya Jumamosi nenda Sigino kwa Anjela. Mwambie kilichotokea kutoka mdomoni mwako, asije akakisikia kwa Theodory. Usimweleze habari za wivu wala za watu wa Same. Kama una ndama jike zizini, unajua desturi, sina haja ya kukufundisha.

Ukirudi, pita kwa Mama Sosthenes. Akikuwekea chai, inywe. Asipokuwekea, kaa hivyo hivyo, uone kikombe kinavyouma kikiwa hakipo.

Jumamosi nenda kwenye mkutano mwenyewe. Usimtume Romanus, usimtangulize Vailet, usiende na katekista wa kukuombea. Watakupa kiti cha mbele kwa sababu ya umri wako, usikikalie kwanza. Inawezekana watamwacha Sosthenes na ruhusa yake, inawezekana watamwondoa hata baada ya kukusikia, na hilo ni lao, usilibishie, wala usimtazame Herieli kwa jicho lile nililoliona katika barua yako. Wewe umekwenda kwa jambo moja tu, kwamba watakapomhukumu kijana wamhukumu kwa kosa lake, si kwa lako. Simama, waambie: "Alikataa. Mimi nikamlazimisha." Kisha kaa chini, Mama Romanus, na usiongeze neno.

Eliakunda